Uzi maalumu: Tunaojitolea kuwakutanisha wanachuo Dodoma, tuhamie kwenye foleni ya maji

Nkuhungu Kwetu (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Msimu wa kupokea mwaka wa kwanza unakaribia na magrupu ya WhatsApp yameshaanza kujaa mabango. Bonanza. Usiku wa kufahamiana. Kumsaka mrembo wa ndaki, yaani wa kitivo. Sina ugomvi na muziki, nacheza kama wenzangu. Ila niko kwenye kikundi cha wanachuo wanaojitolea hapa Dodoma na kazi yetu ni moja: mtu asimalize semista bila mtu. Tunatoka vyuo vya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), St. John's, Mipango, CBE, na wengine tumeshamaliza, tunazunguka na bahasha za kaki. Hatuna jina wala fulana. Nashusha uzi kwa sababu naona nguvu za watu wenye nia njema zinamwagwa mahali ambapo mpweke hayupo.

Hoja naiweka juu kabisa, mwenye haraka aondoke nayo: mpweke mpe kazi, mwaliko mwachie mwenye marafiki tayari. Na kazi yenyewe ijirudie, siku ileile, mahali palepale, na sura zilezile.

Nianzie JKT, maana wengi humu tumepita kwa mujibu wa sheria tangu utaratibu uliporudishwa 2013. Unafika kambini humjui mtu. Haipiti muda unajua kombania nzima nani anakoroma, nani anaficha sukari, nani analia usiku akikumbuka kwao. Hakuna aliyewaandalia usiku wa kufahamiana. Mmelima pamoja, mmesimama lindo pamoja, mmesugua sufuria moja. Ukija chuo, filimbi hakuna. Kipindi kinafanyika kwenye ukumbi wa mamia ya watu, leo umekaa na huyu, wiki ijayo humuoni, na rumeti wako anaondoka alfajiri anarudi usiku na earphone masikioni.

Dodoma nayo inaongeza lake. UDOM ilipoanzishwa 2007 pale Chimwaga ilipewa eneo kubwa, takriban hekta 6,000, na ndaki zikatawanywa vilimani. Mtu wa Elimu anaweza kumaliza miaka mitatu hajakanyaga kwa watu wa TEHAMA isipokuwa siku amekosea daladala. Waliopanga Ng'ong'ona na Makulu wakitoka darasani wanapotelea kwenye mageto yao. Na mji wenyewe tangu serikali ihamie umejaa wageni, kila mtu anauliza njia.

Msidhani nakuza mambo. Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia mahusiano ya kijamii ilitoa ripoti yake: mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Kwa wenye miaka 13 hadi 29 waliosema ni wapweke ni asilimia 17 hadi 21. Kilichonikalisha chini ni hiki: kwenye nchi za kipato cha chini ni kama asilimia 24, kwenye nchi tajiri ni kama 11. Tanzania tunahesabiwa kipato cha kati cha chini tangu 2020, ingawa bumu, hela yetu ya mkopo ya kujikimu, halijapata taarifa. Sisi tunaosema Mwafrika hawezi kuwa mpweke kwa kuwa ana ukoo, hapo tunajibu nini?

Sasa suala la muda. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 makadirio yake: inachukua masaa kama 50 ya kuwa pamoja mtu mnayefahamiana awe rafiki wa kawaida, kama 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe rafiki wa ndani. Pigeni hesabu. Mkikutana masaa matatu kila Jumamosi, hayo 50 yanakula karibu wiki 17. Semista imeisha, UE (mtihani wa mwisho wa semista) imefanyika, na ndiyo kwanza mmekuwa marafiki wa kawaida. Bonanza la siku moja litawapa masaa manane na picha za kupandisha mtandaoni.

Ndiyo maana sisi tumefuata masaa ambayo watu wanayo tayari. Wa Dodoma mnajua maji yalivyo ya mgao maeneo mengi. Jumamosi asubuhi mtu atake asitake yuko kwenye foleni na ndoo, halafu yuko kwenye karo la kufulia na nguo za wiki nzima. Anayejitolea anakwenda na ndoo yake na nguo zake chafu za kweli. Hajitambulishi kwamba ametumwa na kikundi. Anasema, "Dada nishikie nafasi, nakimbilia sabuni." Basi.

Kuna kijana wa mwaka wa kwanza, mpole mpaka unasahau kama yupo, alipewa daftari la foleni. Kazi yake kuandika nani kafika wa ngapi na kuzima ugomvi wa "mimi ndoo yangu ilikuwa hapa". Kila mtu akalazimika kumjua jina na yeye akawajua wote. Jumamosi moja hakuonekana, watu wakaanza kuulizana: mwenye daftari yuko wapi? Wawili wakapanda chumbani kwake, wakamkuta na malaria. Huyo angekuwa mwalikwa wa bonanza, nani angejua kama hakuja?

Karibuni, mwenye lake aseme.

Mzee wa Fildi

Nimeweka kambi hapa.

Zabibu Kavu

Uzi bila picha haunogi mkuu. Weka hata picha ya ndoo.

Mbishi Mwandamizi

Mkuu umeandika vizuri ila nina mashaka mawili. Kwanza, kujitolea kwa siku hizi ni kutafuta cheti. Mtu anajitolea wiki mbili, anapiga picha amemkumbatia mtoto wa watu, anaweka kwenye wasifu wake anaombea kazi kwenye mashirika. Pili, hii kazi vikundi vya dini vinaifanya zamani. USCF wapo, TMCS wapo, CASFETA wapo, TUCASA wapo, ndugu zetu Waislamu wana jumuiya zao. Mtu akifika chuo tu anapokelewa, ana familia. Ninyi mnaleta kipi kipya?

Nkuhungu Kwetu

Mbishi, la cheti nakubaliana nawe mia kwa mia, ndiyo maana hatutoi. Anayekuja kwa ajili ya cheti anaondoka mwenyewe akishajua kuna kufua.

La dini: hao ndio mabingwa na mbinu tumeiba kwao. Angalia kwaya. Mtu anaingia leo, anaulizwa sauti yako ipi, anaambiwa wewe ni besi, simama pale. Mazoezi Jumatano na Ijumaa, kila wiki. Besi akikosekana sauti inapwaya na mwalimu wa kwaya anauliza. Hapo hakuna aliyesema "tunapambana na upweke", wanaimba tu.

Tatizo ni yule asiye wa kwaya. Yupo asiyesali. Yupo aliyegombana na viongozi wa jumuiya yake akaona aibu kurudi. Yupo ambaye dini yake ina wanafunzi wachache hapo chuoni. Foleni ya maji haina dhehebu.

Dada wa Kikuyu

Kaka mleta uzi, hongera, lakini umepita kimya kwenye jambo ambalo wadada wote humu tunalijua. Kila wakipokelewa mwaka wa kwanza wanajitokeza wakaka "wanaojitolea" kubeba mabegi. Begi la mvulana halibebwi! Linabebwa la binti tu, na likishafika hosteli anaombwa namba "ili tukujulie hali". Ikifika wiki ya pili ni meseji za saa sita usiku. Ikifika Desemba hao wote wameshastaafu kujitolea mpaka waje wengine.

Binti aliyeumizwa hivyo hakai tena karibu na kikundi chochote. Mtamwita mpweke, kumbe amejilinda.

Kwa hiyo kabla hamjasema habari za karo, semeni mna kanuni gani. Nani anampokea nani? Namba zinakwenda kwa nani? Mwenye tabia hiyo mnamfanya nini?

Na la pili, mmesahau nywele. Mnazungumzia masaa 50. Rasta ndogo zinakula masaa sita mpaka manane kwa kukaa mara moja, na bei ya saluni mwanachuo haiwezi. Jumapili mchana ingia bloku lolote la wasichana utakuta mmoja kakaa chini, wawili wanamsuka, wa tatu anachana rasta na kuzigawa, wa nne anasoma desa (noti za darasani) kwa sauti ili wote wasikie. Siri za chuo kizima zinatoka hapo. Asiyejua kusuka anachana. Asiyejua kuchana anachemsha maji ya kuchomea ncha. Kazi haikosekani.

Nkuhungu Kwetu

Dada, umenena. Kanuni zetu ni hizi. Anayepokea wageni ni jozi, na kila jozi lazima iwe na dada. Kama dada hayupo jozi haiendi stendi. Namba ya mgeni hachukui mtu, yeye ndiye anapewa namba mbili, ya dada na ya kiongozi wa bloku, akitaka atapiga, asipotaka basi. Hakuna kujuliana hali usiku. Anayekiuka anaondolewa kwenye zamu na wanaobaki wanaambiwa sababu, hatumsitiri. Na begi la mvulana linabebwa, tena wavulana wa Kagera wanakuja na mikungu ya ndizi, mgongo unaukoma.

La nywele nalichukua kama lilivyo. Sisi wanaume tuna kunyoana, lakini dakika ishirini umemaliza, hatuwafikii.

Mzee wa Fildi

Hapo kwenye begi la mvulana halibebwi nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Bumu Limechelewa

Naomba niseme kitu ambacho wenye pesa hawakioni. Marafiki wana gharama. Nilipofika chuo nilipata kundi zuri tu la darasani. Wiki ya kwanza, tuchange bethidei ya fulani, keki na maji ya kummwagia. Wiki ya pili, tuchange nauli twende tukapige picha Nyerere Square. Halafu dada wa mmoja wetu anaolewa, kadi ya mchango ikaletwa kwenye grupu, na majina ya waliotoa yanaorodheshwa na kiasi mbele yake. Ukiwa na bumu la shilingi 10,000 kwa siku, na unatumia wadogo zako nyumbani, jina lako linakaa chini kabisa na sifuri.

Sikugombana na mtu. Nilianza kusema "nina asainimenti", "nina kichwa", mpaka wakaacha kuniuliza. Wapo wengi sana wa namna yangu. Unamuona mtu anapita pembeni ya kimbweta ameinamia simu, simu yenyewe haina bando.

Kwa hiyo mkuu ukiniuliza mimi, kanuni ya kwanza ya kikundi chochote cha kuunganisha wanafunzi iwe HAKUNA MCHANGO. Hata mia mbili.

Nkuhungu Kwetu

Mkuu, hiyo ndiyo kanuni yetu namba moja na wewe umeieleza kuliko nilivyoweza kuieleza mimi. Kila mtu anakuja na alicho nacho na hakitangazwi. Mwenye unga aje na unga, mwenye mikono aje na mikono. Tukipika hakuna orodha. Na bethidei tunaimba tu, maji ya kummwagia mtu Dodoma hii tunayatoa wapi?

Mie wa Wete

Assalaam aleikum nyote. Mie natoka Pemba, niko mwaka wa pili. Nilipofika chuo kizima walinijua kwa jina moja tu, "Mpemba". Si kwa ubaya, lakini mtu akikuita Mpemba miezi mitatu unajiuliza jina alokupa mama lina kazi gani.

Kilichonitoa ni Ramadhani. Dada wa chumba cha pili, Mkristo, alinikuta napika uji peke yangu nikalia, akaniuliza kwenu futari mnapika nini. Nikamwambia tambi, mihogo ya nazi, muhogo wenyewe uwe laini. Akaniambia basi wewe ndiye mkuu wa jiko mwezi huu, sisi tutakuna nazi. Wakaja watatu wengine. Nazi Dodoma bei yake utadhani imekuja na SGR daraja la juu, kwa hivyo tulikuwa tukinunua moja twaikamua mpaka inaomba msamaha. Mwezi mzima wananiuliza mie: chumvi imetosha? Moto upunguzwe? Wasofunga wakawa wanasubiri adhana kuliko mie.

Baada ya hapo wakanijua jina. Nakubaliana na mleta uzi kabisa, wangenialika kula nisingekwenda, nilikuwa na haya. Walinifanya bosi.

Mgogo Halisi

Mbukwenyi.

Dada wa Wete kanigusa. Mimi mwenyeji, kwetu Bahi. Watu wanadhani mwenyeji hawezi kuwa mpweke, "wewe si uko kwenu bwana". Kwetu ni Bahi, chuoni siko kwetu. Ndugu zangu hawaji kukaa bwenini. Wageni wanapokelewa na mabango, mwenyeji anajipokea. Halafu kuanzia siku ya kwanza nasikilizishwa utani wa ombaomba: Mgogo kaja, fungeni pochi.

Utani nauheshimu, nimekulia ndani yake. Lakini utani wa makabila yetu una pande mbili. Mchaga na Mpare wanapigana vijembe wote wawili, Mnyamwezi na Mzaramo hivyohivyo, na kwenye msiba mtani ndiye anayefanya kazi nzito na kuwachekesha wafiwa. Huyo anayenirushia neno kila siku na mimi sina ruhusa ya kumrudishia, na nikiugua haji, huyo si mtani wangu. Wanaojitolea wakiona hayo magrupuni wasikae kimya wakacheka.

Kwa upande wa kazi: mimi nilipewa soko. Kila Jumamosi ya mwanzo wa mwezi nawapeleka wageni Majengo, nawafundisha kununua mlenda uliokaushwa, kutofautisha unga wa uwele na wa mtama, na kutotajiwa bei ya mgeni. Mwanzoni mlenda wanaukimbia. Sasa wananidai. Kuna jamaa wa Mbeya anausonga ugali wa uwele kuliko mimi na anajisifu mbele ya mama yangu.

Mwalimu wa Kongwa

Habari zenu vijana.

Zabibu Kavu

Shikamoo mwalimu.

Mwalimu wa Kongwa

Marahaba. Mimi ni mwalimu kazini, nimerudi kusoma shahada nikiwa na miaka arobaini na kitu, mume na watoto nimewaacha Kongwa. Darasani wananiita "mzazi". Ni heshima, nashukuru, lakini mzazi hakuna anayekaa naye kwenye kundi la kujisomea. Wakigawana makundi ya asainimenti nabaki mimi na wenzangu wawili wenye mvi. Mkitafuta wapweke msitafute watoto wa miaka kumi na tisa tu.

Sasa naomba kumpinga mleta uzi kidogo, maana mmemsifu sana. Mpe mpweke kazi, sawa. Nimefundisha shule za msingi miaka mingi na nimeona mtoto mpole anavyopewa kazi. Anafuta ubao, anabeba madaftari, anachota maji ya mwalimu, wenzake wanacheza. Anashukuru kwa sababu angalau anaitwa. Mwisho wa mwaka hana rafiki, ana mabosi. Chuoni nimeona vilevile: kijana mkimya wa kundi ndiye anayechapa kazi ya kundi zima, ndiye anayetumwa kuprinti, ndiye anayeosha sufuria. Ukimuuliza atasema ana marafiki. Siku asiporudi na ile laptopu yake uone kama watamtafuta.

Kwa hiyo kazi gani? Hilo ndilo swali mlilolikwepa. Daftari la foleni ni kazi nzuri kwa sababu lina mamlaka, watu wanakuja kwake. Jiko la yule binti wa Wete ni kazi nzuri kwa sababu wengine walikuwa chini ya amri yake. Soko la huyu kijana wa Bahi ni kazi nzuri kwa sababu anajua wasichojua. Sufuria si hivyo.

Nkuhungu Kwetu

Mwalimu, shikamoo. Hii nimeisoma mara mbili.

Sufuria kwetu zinaoshwa na jozi na zamu inazunguka mpaka kwa aliyepika, kwa hiyo hatumtwishi mtu mmoja. Lakini kipimo chako ni kikali kuliko zamu: kazi inayofanya watu wamfuate mtu, dhidi ya kazi inayomfanya yeye awafuate. Nikipitisha hicho kipimo kwenye orodha yetu, kubeba mabegi inaanguka, kupanga viti inaanguka. Kupokea wageni stendi inasimama, kwa sababu mgeni anakuuliza wewe kila kitu, na aliyekuwa mgeni mwaka jana ndiye anayekumbuka maswali ya kweli: kibali cha bwenini kinachukuliwa wapi, laini ya simu ipi inashika vizuri huko mlimani.

Nakuomba ukipata nafasi uje Jumamosi. Hatutakuita mzazi.

Mwalimu wa Kongwa

Niite vyovyote, ila nitakuja na nguo za kufua.

Muuguzi Mtarajiwa

Naongezea upande wa afya kwa sababu nasoma uuguzi na naona mada imekaa kwenye upweke wa kawaida tu.

Kuna mfano wa Zimbabwe. Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza 2006 kuwatumia bibi wa mitaani, wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye msongo. Utafiti wao ulichapishwa 2016 kwenye jarida la JAMA na waliokaa na bibi walionyesha dalili kupungua kuliko waliopata huduma ya kawaida. Watu wakisikia hivyo wanasema basi kumbe kila mtu anaweza. Hapana. Wale bibi walifundishwa namna ya kumsaidia mtu kuchambua tatizo moja na kulitafutia njia, na wana wataalamu nyuma yao wa kuwasimamia.

Anayejitolea kwenye karo la kufulia hajafundishwa hivyo na asijifanye. Mtu akikwambia halali siku nyingi, au anaanza kugawa vitu vyake, au anasema haoni haja ya kuendelea kuishi, hapo maongezi ya ndoo yamefika mwisho. Usimwache peke yake, usimwahidi siri, mtafute mshauri wa wanafunzi, mpeleke hospitali na ukae naye mpaka aonwe.

Na jamani sisi wa Dodoma tuna kosa letu maalumu. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko hapahapa mjini. Badala ya kuwa faida imekuwa kejeli: mtu akichanganya mada kwenye kipindi, "huyu apelekwe Mirembe", ukumbi mzima unacheka. Aliyekuwa anataka kwenda kuomba msaada amekaa mstari wa nyuma amesikia.

Mbishi Mwandamizi

Huo utani nimeutumia jana tu. Nimekuelewa dada. Haya, uzi umenigeuza kidogo, ila la vyeti sirudi nyuma.

Kijana wa Singida

Wakuu nimesoma mwanzo mwisho. Mimi niko chuo kidogo hapa Singida mjini, tupo mia chache tu, kila mtu anamjua kila mtu kwa sura. Foleni ya maji hatuna, bomba linatoka. Nataka kuanza kitu kama hiki, naanzia wapi? Na je, niombe barua ofisini kwanza?

Dada wa Kikuyu

Usianze na grupu la WhatsApp. Litajaa watu mia mbili wa "asante kwa kuniunga" na hamtakutana milele.

Nkuhungu Kwetu

Kijana wa Singida, kama maji yapo mshukuru Mungu, tafuta kitu kingine kinachowakalisha watu hapo chuoni bila wao kupanga. Kaa kantini wiki moja uangalie: watu wanasubiri nini? Wanasubiri chipsi ziive? Wanasubiri kuprinti? Wanachaji simu kwenye soketi moja? Hapo pana masaa ya bure. Kwetu Mipango kuna wenzetu wameanzia kwenye soketi, wakaleta ekstensheni, na mwenye kuitunza ekstensheni akawa maarufu kuliko rais wa wanafunzi.

Barua: mkiwa watatu mnafua nguo huhitaji barua. Mkianza kutumia ukumbi au kupokea wageni stendi kwa jina la chuo, hapo nenda kwa mshauri wa wanafunzi, tena umwendee mapema. Kuna ofisi moja wenzetu waliombwa katiba ya kikundi, muhuri na akaunti ya benki ili tu wasuke nywele chini ya mti. Wakasuka bila kikundi.

Tafuta mwenzako mmoja wa kike na mmoja wa mwaka tofauti na wako. Chagueni siku moja na msiibadilishe hata mkiwa wawili, hata wiki ya testi. Watu wanakuja wakishaamini kwamba mtakuwepo. Na mtu wa kwanza kujitokeza msimkaribishe kwa hotuba, mpe ufunguo.

Kijana wa Singida

Ufunguo wa nini mkuu?

Nkuhungu Kwetu

Wa chochote kinachofungwa. Stoo ya mipira, kabati la vikombe. Ili msipoweza kuanza bila yeye, mumtafute.

Mgogo Halisi

Na akipoteza?

Nkuhungu Kwetu

Mnakata kufuli, mnaweka jingine, siku hiyo mmepata stori ya mwaka mzima.

Kwa wa Dodoma: zamu za stendi ya Nanenane na stesheni ya SGR tunazipanga Jumamosi hii baada ya kufua. Wadada bado ni wachache na bila wao jozi hazitimii, kwa hiyo Dada wa Kikuyu na Muuguzi nawategemea. Mie wa Wete, kuna wageni wanaotoka visiwani, wanashuka bandarini Dar halafu wanapanda treni, nataka wewe ndiye uwapange. Bumu Limechelewa, kaka, inboksi yako imefungwa, ifungue nikutumie orodha, nimekuandika kwenye daftari.

Bumu Limechelewa

Nimefungua. Ila nauli ya kufika Nanenane sina.

Mwalimu wa Kongwa

Napita hapo na gari la jirani. Simama Makulu saa moja kasoro.